UZI: Una mto, huna data. Tukadirie vipi mtiririko na ubora wa maji? (Mfano: Mto Mara)

Mpimakina (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Kila msimu wa tasnifu ukifika napata ujumbe ule ule kutoka kwa vijana: "Mkuu, nina mto, sina data, nitumie modeli gani?" Badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona niweke hapa, wenye ujuzi waongeze na wanaoishi kando ya mto watusahihishe.

Msimamo wangu ni huu. Kabla ya kuchagua modeli, yaani programu ya kukadiria maji ya mto kutokana na mvua, kaa na namba chache ulizonazo mpaka ujue kila moja ilipatikanaje. Vipimo kumi unavyovijua undani wake vitakufikisha mbali kuliko elfu kumi ulivyopakua usiku mmoja.

Nitatumia Mto Mara. Kwa wasioujua, unaanzia misitu ya Mau kule Kenya kwa mikono miwili, Nyangores na Amala. Ikishaungana mto unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti, unakata kuelekea magharibi, unasambaa kwenye kinamasi kikubwa, unapita chini ya daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Urefu ni kama kilometa 395. Bonde lake lina kilometa za mraba 13,500 hivi, karibu theluthi mbili Kenya, iliyobaki kwetu Tanzania. Vituo vya mtoni vyenye kumbukumbu ndefu ni vitatu: Bomet kwenye Nyangores (1LA03), Kapkimolwa kwenye Amala (1LB02) na Mara Mine upande wa Tanzania (5H2). Kumbukumbu zenyewe zina mapengo, mengine ya miezi, mengine ya miaka.

Fanyeni kwanza hesabu hii, haihitaji kompyuta. Chukua mto wenye wastani wa meta za ujazo 20 kwa sekunde. Kwa mwaka hizo ni meta za ujazo milioni 630. Zitandaze juu ya bonde lote la kilometa za mraba 13,500, unapata tabaka la milimita 47 tu. Mvua ya bonde kama hili, ukichanganya Mau yenye mvua nyingi na huku chini kwenye ukavu, ni milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Yaani karibu mvua yote inarudi angani kupitia majani na udongo, na mto ni masazo. Sasa ukikosea mvua kwa asilimia 10, umekosea milimita 100. Kosa lako ni mara mbili ya mto mzima.

Ndiyo maana nashtuka mtu akiniambia modeli yake "imekubali" bila kuniambia mvua aliitoa wapi. Vipima mvua vingi viko mijini, shuleni na kwenye mashamba ya chai, mlimani ambako maji yanatoka havipo. Setilaiti zinasaidia sana, na CHIRPS, mkusanyo wa makisio ya mvua ya setilaiti yaliyochanganywa na vituo vya ardhini, ina mvua ya kila siku tangu 1981 kwa viboksi vya kilometa 5 hivi. Kwa jumla ya mwezi inajitahidi. Kwa siku moja moja, hasa mvua za radi za jioni, inakosea vibaya. Basi jumla ya mwezi iaminini kiasi, siku moja moja msiitegemee, na kila kituo cha ardhini mtakachokipata kilinganisheni nayo kabla ya jambo lingine lolote.

Niwape na kisa kilichonibadilisha. Ni mto mwingine kabisa, sitautaja, wala ofisi yenyewe. Nilipewa daftari la kituo, mzee msomaji anaandika kina saa 3 asubuhi na saa 10 jioni. Katikati ya masika nikakuta meta 1.42, 1.42, 1.42, siku kumi na moja mfululizo. Nikasema huyu mzee alikuwa anaandikia nyumbani. Nikaufuta mwaka mzima.

Miezi saba baadaye nilifika kijijini kwake. Akanipeleka mtoni akanionyesha nguzo. Ubao wa chini wenye alama za kina upo, unaishia 1.42. Ubao wa juu uliondoka na gogo wakati wa mafuriko, zimebaki skrubu mbili zenye kutu. Akaniambia, "Mwanangu, maji yalipita juu ya ubao. Niliandika pale nilipoweza kuona." Alikuwa ametoa taarifa mara mbili, hakuna aliyekuja, na posho yake ilikuwa haijalipwa muda mrefu. Hata hivyo kila asubuhi alishuka mtoni.

Zile 1.42 hazikuwa uongo. Maana yake ilikuwa "angalau 1.42". Hiyo ni data, tena nzuri: modeli ikikuonyesha siku hizo mto ulikuwa chini ya hapo, modeli ndiyo imekosea. Mwaka niliokuwa nimeufuta ukarudi, na ndio uliobeba kazi yangu yote iliyofuata.

Nitaendelea. Karibuni.

Bomet_Kwetu

Hamjambo. Mimi niko upande wa juu, Kenya, karibu na Nyangores. Hiyo ya mzee imenigusa kwa sababu hapa kwetu nimeona hali hiyo hiyo.

Kitu ambacho watu wa modeli hukosa ni kasi ya haya mambo. Mvua ikinyesha Mau mchana, jioni mto umepanda na umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi ukienda kusoma ubao saa tatu, maji yameshashuka nusu. Daftari litaonyesha kilima kidogo tu, na sisi tuliolala hapa tumesikia mawe yakigongana usiku. Watu wamelima mpaka ukingoni, kwa hivyo udongo unaingia mtoni moja kwa moja.

Pia nikumbushe jirani yetu, bonde la Sondu-Miriu, nalo linatoka Mau. Huko watafiti waliweka mbao za kina 13 zenye maelezo mafupi, mpita njia yeyote asome namba na kuituma kwa ujumbe wa simu. Mwaka wa kwanza watu 124 walituma vipimo 1,175 vilivyokubalika. Mkulima, mwanafunzi, mama anayechota maji. Nadhani hilo linaweza kufanyika Mara yote.

Mpimakina

Asante sana ndugu yangu wa Bomet. Umenileta mahali nilipokuwa nakwenda: kina si mtiririko.

Ubao unakupa kimo cha maji. Modeli inataka meta za ujazo kwa sekunde. Katikati yake kuna jedwali la kubadilisha kina kuwa mtiririko, linalotengenezwa kwa kuingia mtoni na mita ya kasi, kupima upana, kina na mwendo wa maji siku nyingi tofauti, kisha kupitisha mstari: Q = a × (h − h0)^b. Hiyo h0 ni kimo ambacho mto unakuwa umesimama. Mto wenye mchanga unajichimba au kujijaza kila mafuriko, h0 inahama, lakini jedwali ofisini linabaki lile lile miaka ishirini. Tena vipimo vingi hufanywa kiangazi mtu anapoweza kuvuka kwa miguu. Mafuriko yote kwenye jedwali yamekisiwa kwa kurefusha mstari.

Kwa Mara kuna kazi iliyochapishwa 2018 ambayo naipenda sana. Watafiti walikuta majedwali hayaaminiki, wakaamua kutoyatumia. Walilinganisha modeli na kina chenyewe: siku kina kilipopanda, je, mtiririko wa modeli ulipanda? Siku ya juu kuliko zote kwenye ubao, je, ndiyo ya juu kwenye modeli? Kina kinakupa mpangilio na wakati. Ujazo hakikupi. Ujazo uutafute kwenye umbo la mto na mteremko wake, mizania ya mvua na uvukizi ya mwaka mzima, na vipimo vichache vya kweli vya mtiririko. Ukiweza kupima mara kumi tu, pima mara kumi zenye akili: mbili kiangazi, zilizobaki maji yakiwa juu au yakipanda, kutoka darajani kama huwezi kuingia.

Tahadhari moja ya Kirumi: kina cha pale hakitegemei mto peke yake. Ziwa likipanda linasukuma maji nyuma. Ziwa Victoria lilipovunja rekodi yake 2020, mtu aliyesoma ubao karibu na mdomo wa mto angedhani Mara imefurika miezi mizima.

NeemaK

Shikamoo kaka Mpimakina. Uzi huu ungekuja mwaka jana ungeniokoa.

Natumia modeli ya SWAT kwenye kijito kinachoingia Mara. Alama ya Nash-Sutcliffe (1 maana yake modeli imelingana kabisa na vipimo) imefika 0.81 kwenye kipindi cha kurekebisha modeli, msimamizi amefurahi. Lakini modeli inaniambia Februari mto unakauka, na bibi yangu anaishi pale, anasema hajawahi kuuona umekauka tangu aolewe. Nimemwamini bibi. Sasa sijui nimwambie nini msimamizi.

Mpimakina

Marahaba Neema. Bibi yuko sahihi mpaka ithibitike vinginevyo, na ushahidi wake uandike kwenye tasnifu kama kipimo: "mtiririko haujawahi kuwa sifuri tangu mwaka fulani." Una kigezo hapo cha kukataa nusu ya majaribio yako ya modeli.

Kuhusu 0.81. Kipimo cha Nash na Sutcliffe, cha 1970, kinapiga makosa mraba. Siku tano za mafuriko zinabeba alama karibu zote, na miezi mitano ya kiangazi haina uzito wowote. Modeli inaweza kupata 0.81 huku kiangazi chote ni upuuzi. Rudia hesabu kwa logarithimu za mtiririko, utaona alama inavyoporomoka. Kisha amua unajenga modeli kwa ajili ya nini. Kama ni daraja, mafuriko. Kama ni maji ya kunywa, ya ng'ombe na ya wanyama wa hifadhi, kiangazi ndicho mtihani.

Kuhusu SWAT yenyewe, iliandikwa Marekani kwa hali ya Marekani. Mimea yake hulala majira ya baridi, na modeli inajua wakati wa kulala kwa urefu wa mchana. Sisi karibu na ikweta mchana haubadiliki kiasi hicho, kinachoamua ni unyevu wa udongo, na tuna misimu miwili. Ukiiacha ilivyo, majani yanachipua na kufa wakati usio wao, na uvukizi wote unaharibika. Kumbuka masazo: uvukizi ukiharibika, mto umeharibika. Kuna toleo la kitropiki lililochapishwa 2017, linaanzisha ukuaji kwa unyevu wa udongo, na lilijaribiwa humu humu bonde la Mara. Litafute.

Halafu usiogope modeli ndogo. GR4J, mojawapo ya hizo, ina vigezo vinne tu, yaani namba nne za kurekebisha. Kwa mto wenye miaka mitatu ya kina na vipimo kumi vya mtiririko, vigezo vinne unaweza kuvitetea mbele ya jopo. Vigezo thelathini huwezi, kwa sababu kuna seti elfu moja tofauti zitakazokupa mstari ule ule, kila moja ikiwa na hadithi yake kuhusu maji ya chini ya ardhi.

NeemaK

Asante kaka. Nimejaribu logarithimu usiku huu huu. Imeshuka mpaka 0.22. Nimepiga picha nikamtumia msimamizi kabla sijakata tamaa.

KijanaWaData

Naheshimu uzoefu wa wakuu, ila naomba nitoe hoja. Siku hizi kuna mafunzo ya mashine, unalisha mito elfu kadhaa ya dunia, modeli inajifunza, kisha unaipeleka kwenye mto usio na data na inatabiri vizuri kuliko modeli za zamani. Setilaiti zinaona unyevu wa udongo, uvukizi, hata upana wa mto. Kwa nini bado tunazungumzia daftari la mzee?

Mpimakina

Hoja yako ni ya kweli, sikupingi. Chama cha kimataifa cha sayansi za maji kilitenga muongo mzima, 2003 hadi 2012, kushughulikia utabiri kwenye mabonde yasiyopimwa, na njia unazozisema zimesogeza jambo hilo mbele kuliko tulivyotarajia. Mimi mwenyewe nazitumia kupata makisio ya kwanza.

Lakini jiulize mito iliyofundishia mashine ni ipi. Mingi ni ya Marekani na Ulaya. Mto wetu unaofanana nayo utatabiriwa vizuri. Mto wenye viboko elfu nne, kinamasi mbele yake na ziwa linalosukuma nyuma, mashine haijawahi kuuona. Na hata ikipatia, utajuaje kama imepatia? Utarudi kwa mzee na daftari lake. Kila setilaiti unayoitaja nayo ilisahihishwa na mtu aliyesimama ardhini na kipimo mkononi. Vituo vya ardhini vikizidi kufa Afrika, setilaiti zitazidi kukosea Afrika, na tutakaoumia ni sisi.

Kwa hiyo fanya kazi yako kijana, tunaihitaji. Ila mwaka huu nenda mtoni walau mara moja na ubao wa kina.

KijanaWaData

Sawa mkuu. Nimeelewa. Likizo nipo Tarime, nitaanzia huko.

MtuWaKirumi

Nimesoma yote. Mimi si msomi wa maji, mimi nauza samaki na nimezaliwa huku. Mnazungumzia wingi wa maji, naomba mzungumzie maji yenyewe. Machi 2022 maji yalikuja meusi, yananuka, samaki wakaelea. Tukakatazwa kuvua na kutumia maji. Kamati ikaundwa, ikaja na majibu kwamba ni uozo wa mimea na kinyesi cha mifugo, oksijeni ikaisha. Watu wengi hawakukubali, na mpaka leo ukikaa kijiweni hapa hilo halijaisha. Modeli zenu zinaweza kutuambia nini?

MamaMaabara

Pole sana kaka, na ahsante kwa kuuliza. Mimi ni fundi wa maabara ya maji, miaka kumi na tisa sasa, naomba nijibu hili mimi.

Maji ya joto la nyuzi 25 kwenye mwinuko wa Ziwa Victoria yanabeba oksijeni kama miligramu 7 kwa lita yakiwa yameshiba. Samaki wengi huanza kuhangaika mapema, na chini ya miligramu 2 ni kifo kwa wengi wao. Modeli ya oksijeni ya mto ni ya zamani, ya Streeter na Phelps, 1925, iliyotengenezwa kwa Mto Ohio. Ina pande mbili tu: vijidudu wanaokula uchafu wanamaliza oksijeni, na hewa inarudisha nyingine kupitia uso wa maji. Kinamasi kinabana pande zote mbili. Uchafu umejaa, maji yametulia, mimea imefunika uso.

Na Mara ina jambo ambalo hakuna modeli ya dukani inalolijua. Upande wa Kenya kuna viboko zaidi ya 4,000. Wanakula nyasi usiku nchi kavu, mchana wanarudi kujisaidia majini, tani kadhaa kila siku. Kiangazi uchafu ule unalala chini ya madimbwi, maji ya chini yanakosa oksijeni kabisa. Mvua ya kwanza ikija inausomba wote kwa pamoja. Watafiti waliokaa pale na vipima vya kudumu walirekodi ndani ya miaka 3 matukio 49 ambapo maji kupanda kulishusha oksijeni, na 13 kati ya hayo yalifika hatua ya kuua. Ndani ya miaka 5 waliona samaki wakifa kwa wingi mara 9. Ongeza nyumbu wanaozama wakivuka, wastani wa 6,250 kwa mwaka, zaidi ya tani elfu moja za mizoga, na mifupa yao inaendelea kuachia fosforasi kwa miaka.

Haya ni ya juu huko. Sisemi ndiyo yaliyotokea Kirumi. Kirumi ina kinamasi chake, mifugo yake, mashamba yake, na shughuli nyingine za watu. Nasema tu kwamba maji kuishiwa oksijeni ghafla wakati wa mvua ni jambo ambalo mto huu unaweza kulifanya, na kwamba jambo lenyewe hupita haraka. Sampuli ikichukuliwa siku tatu baadaye inapima maji mengine. Yale yaliyoua yameshafika ziwani.

Nikuulize kaka: samaki gani walielea kwanza? Kambare na kamongo wanaweza kuvuta hewa ya juu. Sato na ningu hawawezi. Oksijeni ikiisha, hawa wawili wa mwisho hufa huku kambare akipandisha mdomo juu. Sumu ikiingia, haichagui namna hiyo.

MtuWaKirumi

Dada, hilo hakuna aliyeliandika. Sote tulikuwa tunaokota na kupiga picha. Kumbe ningeweza kuwa nimeandika. Nitanunua daftari.

MamaMaabara

Andika tarehe, saa, rangi ya maji, harufu, aina ya samaki na ukubwa wao, kama wamepandisha midomo juu au wamelala ubavu, na kama mvua ilinyesha jana yake na wapi. Hizo ni dakika tano.

Fundi_Pampu

Naomba kuuliza swali la kijinga. Tunapeleka sampuli kila miezi mitatu. Haitoshi?

MamaMaabara

Si la kijinga, ndilo swali lenyewe. Acha nikufanyie hesabu ya mfano. Ukizidisha miligramu kwa lita na meta za ujazo kwa sekunde, kisha ukazidisha na 0.0864, unapata tani kwa siku. Kiangazi mto una meta za ujazo 3 na udongo miligramu 40: tani 10 na kidogo kwa siku. Siku ya mafuriko una meta 50 na miligramu 800: tani 3,456. Siku moja ya mafuriko imebeba udongo wa kiangazi cha siku 333. Ratiba yako ya miezi mitatu, siku ya kazi, saa nne asubuhi, karibu daima itaangukia siku ya maji safi. Ukiilisha modeli namba hizo, itakuambia mto hauna tatizo.

Tena maji yakiwa yanapanda yana udongo mwingi kuliko yakiwa yanashuka kwa kimo kile kile, kwa sababu ya kwanza ndiyo yanayofagia. Kwa hiyo nakushauri nguvu uzihamishe. Punguza sampuli za kiangazi, chukua kumi ndani ya furiko moja.

Najua unachotaka kusema, nani atakaa mtoni usiku na mamba. Hakuna haja. Chukua nguzo imara, funga chupa nne kwa vimo tofauti, kila moja na kizibo chenye mirija miwili: mmoja umepinda wa kuingizia maji, mwingine wa kutolea hewa, tundu lake liwe juu kidogo ya la kuingizia. Maji yakipanda yakifika kwenye chupa inajaa yenyewe, ikishajaa haibadiliki sana. Asubuhi unakuta chupa nne za vimo vinne, zote za maji yanayopanda. Ya kwanza niliyoifungua ilikuwa na tope la vidole viwili chini, ya nne kidole kimoja. Niliishika dirishani nikaitazama muda mrefu. Miaka yote hiyo nilikuwa napima mto uliokwisha kupita.

Chupa hizo ni za udongo na chumvi tu. Oksijeni huwezi kuipata hivyo, hiyo ipimwe papo hapo mtoni. Na fosforasi na naitrojeni zinataka kuchujwa mapema na boksi la barafu, vinginevyo vijidudu vinakula sampuli yako njiani.

Fundi_Pampu

Nimechora. Nitaitengeneza kwa mirija ya dripu.

Bomet_Kwetu

Mama, asante. Kipima uwezo wa maji kupitisha umeme je, kina faida? Hapa tunacho kimoja, kidogo cha mkononi.

MamaMaabara

Kina faida kubwa, na kinadharauliwa. Pima Nyangores, pima Amala, pima chini baada ya kuungana. Kama namba mbili za juu zinatofautiana vya kutosha, ya chini itakuambia kila mkono umechangia kiasi gani siku hiyo, hesabu ya kuchanganya maji tu. Umepata sehemu ya mtiririko bila kuingia mtoni. Pia kiangazi kinakuonyesha mto unapolishwa na maji ya ardhini. Kioshe kwa maji safi, kisahihishe kila wiki, andika na joto la maji.

Mpimakina

Dada MamaMaabara, umemaliza sehemu niliyokuwa naiogopa. Niongeze moja tu, kuhusu kumpelekea mkubwa matokeo.

Tuna tabia ya kutoa namba moja. "Mto una meta za ujazo 4.7 kiangazi." Mkubwa anagawa 4.7 hiyo kwa skimu, mji na hifadhi, na mwaka mbaya unapokuja hakuna wa kumlaumu ila mvua. Mwenye data chache hana haki ya kutoa namba moja. Endesha modeli mara elfu kumi kwa vigezo tofauti. Tupa zote zinazokataa ushahidi: zile zinazokausha mto wa bibi yake Neema, zile zinazoweka mto chini ya 1.42 siku maji yalipopita juu ya ubao, zile zinazopandisha mto siku ambayo kina kilishuka. Zinazobaki zote ni halali, na jibu lako ni upana wake. "Kati ya 2.1 na 5.8." Kisha mwambie aruhusu kuchota kama vile ni 2.1, mpaka tupime zaidi.

Najua atakasirika. Mimi nilikasirikiwa, nikaambiwa nimelipwa ili nijue. Lakini upana ule ndio ulionunua kituo kipya, kwa sababu kwa mara ya kwanza alionyeshwa kutojua kunamgharimu kiasi gani cha maji.

NeemaK

Msimamizi amejibu. Amesema nimpeleke kwa bibi.

Bomet_Kwetu

Mimi nimeanza. Leo saa 3 asubuhi, ubao unasoma 0.86. Mvua ilinyesha jana jioni upande wa msituni, hapa mjini hakukunyesha. Maji ni rangi ya chai ya maziwa, kuna alama ya tope kwenye nyasi juu ya maji ya sasa, nimekadiria ilifika 1.30 usiku.

Mpimakina

Nimeiandika. Hiyo alama ya tope ipime kwa rula kabla haijafutika, na kama kuna jirani aliyekuwa macho, muulize ilikuwa saa ngapi.